Kioo cha Bafuni Kimepata Fremu

Mugumu, Jumapili, tarehe 8 Februari. Mwaka wa thelathini na nane tangu tuondoke Tarime.

Jua limewaka tangu saa mbili asubuhi bila wingu hata moja. Viganja vinaniuma, kidole kimoja kina plasta, na nina furaha ambayo kwa umri wangu ni karibu aibu kuieleza. Nimetengeneza fremu ya kioo cha bafuni, nimeitundika ukutani, na imekaa.

Imekaa sawasawa. Leo asubuhi nimeiwekea pima maji mara tatu, kama mtu anayechungulia mtoto mchanga kuhakikisha bado anapumua.

Kioo chenyewe kilikuwa cha mlango wa kabati. Mwalimu mwenzangu alipohamishwa aligawa vyombo vyake, na kabati lake lilikuwa limeliwa na mchwa, ila kioo kilikuwa kizima. Nikakileta nyumbani, nikakisimamisha kwenye sakafu ya bafu, kikaegemea ukuta. Ilikuwa iwe kwa siku chache. Kimeegemea pale miaka kumi na moja. Mimi nikitaka kunyoa ndevu nageuza ndoo, naikalia. Bhoke, mke wangu, akitaka kujitazama alikuwa anapiga magoti. Siku hizi kiuno chake hakikubali magoti, kwa hiyo aliacha kujitazama.

Hilo nililiona. Sikufanya kitu.

Haukuwa uvivu. Nyumba hii niliijenga mwenyewe miaka ishirini na miwili iliyopita, na ndani yake sikuwahi kupigilia msumari hata mmoja ukutani. Saa imeegemea vitabu. Picha ya harusi imeegemea saa. Kalenda inakaa kwenye kiti, na mgeni akija inahamia mezani. Watoto wetu wa mwisho walipokuwa wadogo walidhani ndivyo nyumba zote zilivyo. Nilijiambia kwamba anayepigilia msumari amefika, na mimi nilikuwa sijafika. Hata heshima ya kuitwa nyumba sikuipa. Nikiagana na watu sokoni nilisema, "Narudi kambini," nao wakadhani ni utani wa mwalimu mstaafu.

Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku.

Kule Tarime, mimi ni wa upande mmoja wa mto mdogo, Bhoke ni wa upande wa pili. Koo zetu mbili ziligombana kwa ajili ya mpaka na ng'ombe, kama zilivyokuwa zimegombana kabla hatujazaliwa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana, nimesoma vitabu vingi na nikidhani vingenisaidia. Kwetu walisema nimeweka binti wa adui ndani. Kwao walisema binti yao anampikia adui. Asubuhi moja tulipanda lori la mahindi, Bhoke akiwa na Marwa, mtoto wetu wa kwanza, mgongoni, mimi nikiwa na sanduku la mninga lililojaa vitabu. Wiki hiyohiyo nyumba yetu ikachomwa moto. Aliyeichoma simjui, na niliacha kuuliza zamani.

Vitabu vilitoka kwenye sanduku miaka mingi iliyopita. Lenyewe lilibaki chini ya kitanda, tupu, limefungwa kamba, tayari.

Majuma mawili yaliyopita alipiga simu Chacha, mdogo wangu wa tumbo moja, anayeishi kule kwetu. Amani imekaa miaka mingi sasa, wazee wa ukoo wamekutana, na uwanja wa marehemu baba umebaki wazi ukiningoja mimi, mtoto wa kwanza.

"Mura, safari hii ni ya mwisho," alisema. Ndivyo tunavyoitana wanaume wa kwetu, hata mvi zikijaa kichwa. "Uje ujenge kabla ya masika. Usipokuja, uwanja anapewa mwanangu, anataka kuoa. Au unataka uzikwe na nani huko Mugumu?"

Nikamwambia aje leo, Jumapili, atapata jibu langu uso kwa uso.

Bhoke alikuwa anachambua maharage na simu ilikuwa kwenye spika, alisikia yote. Alisema jambo moja tu: "Kama tunakwenda, niambie mapema nisipande mihogo."

Basi. Akaendelea na maharage.

Nakiri hapa, maana mezani nisingeweza. Kilichonitisha ni kwamba angekwenda. Angefunga vyombo vyake na kwenda kuishi tena na watu waliomwita binti wa adui, na asingetoa neno. Mimi nina miaka thelathini na minane nikiota kurudi, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumuuliza kama naye anaota. Ndoto ilikuwa yangu. Yeye nilimhesabu miongoni mwa mizigo.

Kwa siku kadhaa nilizunguka na jibu mdomoni kama mtu mwenye jino bovu. Nilifungua vitabu, nikavifunga. Nilijua kwamba Chacha akifika nikashikwa na aibu ya kaka mkubwa, nitasema ndiyo, na kiuno cha Bhoke kitapanda gari la kwenda Tarime.

Jumatatu Bhoke alikuwa anasafisha bafu. Alikisogeza kioo, na makali yake yasiyokuwa na fremu yakamchana kiganja. Alikuja sebuleni ameshika kitambaa chenye damu.

"Baba Marwa, kioo chako kimeniuma."

Chako, alisema. Hakusema chetu.

Siku ileile nilikwenda kwa fundi wa aluminiamu karibu na soko. Akapima kwa macho, akanitajia bei. Nikacheka. Naye akacheka, kwa adabu. Pensheni yangu ni ya kula, si ya kung'arisha bafu. Nikarudi nyumbani, nikaingia chumbani, nikapiga magoti, nikalivuta sanduku.

Nilijiambia ni mbao tu. Mninga mkavu wa miaka arobaini hauogopi mvua wala mchwa, na sokoni siwezi kuununua. Nilijiambia hivyo nikikata kamba, na nikajiambia tena nikiwa nang'oa misumari. Mtu aliyesoma anajua kujidanganya kwa sentensi zilizonyooka.

Jumanne nilikata. Kona za fremu hukutana kwa nusu ya pembe mraba, na kwa kuwa sina kifaa cha fundi seremala nilichukua karatasi ya mraba, nikaikunja kona kwa kona, nikapata mstari wa kufuata. Darasani niliwafundisha watoto hivyo miaka ishirini na nane. Karatasi haikukosea. Msumeno wangu ndio uliokosea. Kona zilikutana lakini ziliachana kidogo, nyufa ambazo ukucha unaingia. Msumari nao haukutaka kuingia. Ulipasua kipande kimoja mbele ya macho yangu, na mbao zilikuwa za kutosha fremu moja tu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba na ngozi mbichi.

Kwetu, mpini wa jembe ukipasuka, au nira ya maksai ikilegea, hutafuti gundi wala msumari. Unakata kanda za ngozi ya ng'ombe ambayo haijakauka, unazungushia, unavuta kwa nguvu zako zote, unaacha juani. Ngozi ikikauka inajivuta yenyewe, inakaza kuliko mkono wa mtu yeyote. Baba alinifundisha mimi mkubwa. Chacha alikuwa mdogo, akikaa pembeni akitutazama.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwa Mwita, mwenye bucha, kijana wa Kikurya aliyezaliwa hapahapa Mugumu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka kipande cha ngozi, kibichi, hata kile unachotupa."

"Mzee unawamba ngoma?"

"Nawamba kioo."

Alinitazama, akatazama wateja wake, akarudi kwangu. "Kioo hakipigwi, mzee wangu." Bucha nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao, nikaondoka na ngozi yangu ndani ya mfuko bila kulipa chochote.

Sasa naandika kosa langu, na ni kosa ambalo nadhani linahitaji mtu wa kwetu kulitenda. Nilikipanga kioo ndani ya fremu kwanza. Kisha nikafunga kona zote nne kwa ngozi mbichi, nikavuta hadi mishipa ya shingo ikasimama, kama ninafunga nira. Nikakisimamisha uani, jua la mchana likikiangalia usoni, nikakaa kivulini na kitabu, nimeridhika kupita kiasi.

Mnamo saa nane nikasikia *tak.*

Ngozi ilikuwa imefanya kazi yake. Ilijivuta, mbao zikajivuta nayo, na kioo, ambacho si nira, hakikuwa na mahali pa kwenda. Ufa ulikuwa kwenye kona ya chini, mrefu kama kiungo cha kidole gumba.

Bhoke alitoka jikoni. Aliinama kadiri kiuno kilivyomruhusu, akautazama ufa, akanitazama mimi.

"Baba Marwa, umekikaba."

Kisha alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka jirani akauliza kuna nini. Sijasikia kicheko kile tangu sijui lini. Nilitaka kukasirika, nikashindwa.

Alipomaliza kufuta machozi, akatazama mbao. Akazitambua.

"Hili si sanduku?"

"Ndilo."

"Umelikata."

"Nimelikata."

Akarudi jikoni, akitembea polepole, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni.

Alhamisi nilirudi kwa Mwita kuchukua ngozi nyingine, na dhihaka nyingine. Safari hii nilitumia akili. Kanda za kwanza nilizikata zote, nikakitoa kioo. Fremu tupu niliikaza ndani kwa vipande viwili vya mti vilivyokaa msalaba, isije ikapinda. Kila kona nikaiwekea kipande kidogo cha pembetatu, ubao wa mwisho uliobaki wa sanduku, ndipo nikaifunga kwa ngozi juu yake. Zile pembetatu zinaimarisha kona, na mojawapo inauficha ufa kabisa. Ukiziangalia utadhani zilipangwa tangu mwanzo. Nimeamua kwamba zilipangwa tangu mwanzo.

Siku mbili fremu ilikaa juani peke yake. Nilipoigonga Jumamosi asubuhi ililia kama mlango wa kanisa. Nikaisugua kwa msasa, nikapaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, mbao na ngozi pia, ili maji ya bafu yasiilainishe. Nikakata mpira wa ndani wa baiskeli kuwa vipande vyembamba, nikavitandika kwenye ukingo, ndipo nikakilaza kioo taratibu kutoka nyuma, juu ya mpira, kikiwa na nafasi ya kupumua pande zote. Vibanzi sita vya mti vinavyozunguka kwenye skrubu vinakishikilia. Hakuna kilichonunuliwa zaidi ya skrubu na msasa.

Kisha nikachukua nyundo na tindo, nikaingia bafuni, nikamwita Bhoke.

"Simama wima."

"Ili iweje?"

"Simama tu, tazama mbele."

Akasimama. Nikaweka alama ya penseli ukutani usawa wa macho yake. Yeye ni mfupi. Mimi nitakuwa nakunja magoti kidogo wakati wa kunyoa, na nina magoti mazuri. Nikaweka tindo kwenye ukuta.

"Ukitoboa hapo," alisema, "hicho kioo hakitoki tena."

"Hakitoki."

"Na Chacha anakuja kesho."

"Nitamwambia kesho. Leo nakwambia wewe. Kama unataka kwenda, sema sasa, kabla sijapiga. Sikuwahi kukuuliza."

Aliigusa ile alama ya penseli kwa kidole.

"Miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri uchoke," alisema. "Piga."

Nikapiga. Vumbi la tofali likanijaa machoni, na hilo ndilo nitakalosema mtu akiniuliza kwa nini yalikuwa mekundu. Nikatia kabari ya mti ndani ya tundu, nikatia skrubu, nikatundika. Bhoke akajitazama amesimama, mgongo umenyooka. Alirekebisha kilemba chake. Akageuka upande mmoja, akageuka wa pili. Mwanamke wa miaka sitini na sita, na mimi niliyesimama nyuma yake nikiwa na vumbi kichwani, tukatazamana humo ndani.

Nilipotoka kunawa nilimwona shambani, na panga, akikata pingili za mihogo.

Leo Chacha amefika saa nne, kwa gari la asubuhi, na suti yake ya kwenda kanisani. Tulisalimiana, tukashikana mikono muda mrefu. Akaomba maji ya kunawa uso, vumbi la njiani. Akaingia bafuni.

Hakutoka.

Nikafikiri ameteleza. Nikaenda mlangoni, nikamkuta amesimama mbele ya kioo, uso umelowa, haufuti. Alikuwa anapitisha kidole kwenye kona, pale ambapo ncha ya ngozi inafichwa chini ya mzunguko wa tatu.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi."

"Muongo. Hii ni kazi ya tata," alisema. Ndivyo tulivyomwita baba.

"Tata ndiye aliyenifundisha."

Akaguna. Akagusa kona ya pili, ya tatu, ya nne. "Mimi hakunifundisha," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilimwona yule mtoto aliyekuwa anakaa pembeni. Nikamwonyesha palepale, kwa ukanda uliobaki. Alipata kwa jaribio la tatu, suti na yote.

Tulipokaa nikampa jibu. Hakulipenda.

"Kwa hiyo mimi nikawaambie nini wazee? Kwamba kaka yangu hawezi kuja kwa sababu ametundika kioo?"

"Waambie hivyohivyo."

"Wewe mura, umezeeka vibaya." Akasugua paji la uso. "Na siku ukifa?"

"Mtakuja hapa."

"Hapa wapi?"

Bhoke akajibu kutoka jikoni, bila kusimamisha mwiko: "Upande wa juu, shemeji, mbali na choo."

Chacha alijitahidi kubaki na hasira. Nilimwona anajitahidi. Mabega yakaanza kutikisika, akashindwa, tukacheka sote watatu, kila mmoja kwa sababu yake. Kisha akala ugali na nyama, akaongezewa, akaongezewa tena. Saa tisa nimemsindikiza kwenye gari. Mwanawe atapewa uwanja wa baba, ajenge, alete mke wake, nami nimembariki kwa maneno yanayostahili.

Sitadai kwamba sina huzuni. Nitaukosa ukungu wa asubuhi kule juu, unavyokaa kwenye migomba na mibuni kabla jua halijaufukuza. Nitaikosa baridi ile inayokufanya ushike kikombe cha uji kwa mikono miwili. Hapa Mugumu joto linaingia ndani kabla ya watu kuamka. Lakini nimegundua kwamba ninavyovikosa ni vitu vya mtu wa miaka thelathini na mitatu, na yule mtu hayupo kule pia. Nikienda nitamkuta mzee wa miaka sabini na mmoja akiwatazama vijana wasiomjua, na mke wake amekaa pembeni kimya.

Kabla Chacha hajapanda gari nilimrudia jibu langu kwa Kikurya, neno kwa neno, asije akasema hakunielewa. Hapa naliandika kwa Kiswahili, kwa ajili ya wanangu na nyinyi wachache mnaosoma ukurasa huu. Hakuna aliyenikataza na hakuna ninayemwogopa. Njia iko wazi na gari lipo kila asubuhi.

Sitarudi Tarime.